Garimoshi Linalotosha Juu ya Meza

Mama msomaji, je, umewahi kupita sebuleni alfajiri, taa haijawashwa, sufuria ya uji mkononi, ukakanyaga reli? Sisi tumekanyaga. Reli yenyewe ilikuwa ya urefu wa shubiri moja tu, lakini uji wote ulimwagika, na siku hiyo hiyo treni ya kijana wetu ilipandishwa juu ya kabati. Ilikaa huko zaidi ya mwaka.

Treni ile aliletewa na mjomba wake aishiye Uingereza, alipokuja kwetu likizo ya Krismasi. Ndani ya boksi mlikuwa na kichwa kimoja cha kijani chenye magurudumu manne, mabehewa matatu ya mizigo, kifaa cha kupunguzia umeme, na vipande vya reli ambavyo ukiviunganisha vinafanya duara. Kila mtu alishangilia. Kisha tukatafuta mahali pa kuiweka. Duara lile lilikuwa na upana wa karibu sentimita 77, na meza yetu ya kulia chakula ina upana wa sentimita 70. Basi ikawekwa sakafuni, katikati ya sebule ambayo usiku ni chumba cha kulala cha wageni, na mchana ni mahali pa kupigia pasi.

Na tuseme ukweli, hata mtoto mwenyewe hakuifurahia muda mrefu. Treni ilizunguka. Ikazunguka tena. Siku ya tatu alikuwa nje na wenzake anacheza mpira, na reli zimebaki sakafuni zikitusubiri sisi na uji wetu.

Wakati ule tuliamini kwamba mchezo huu ni wa watu wenye nyumba kubwa. Tulikosea, na jinsi tulivyogundua kosa letu ndiyo habari tunayotaka kuwaeleza akina mama wenzetu.

Mguu uliovunjika

Mwaka jana kijana wetu, akiwa na umri wa miaka tisa, alianguka kutoka kwenye mwembe. Ule mwembe baba yake alikuwa amemkataza kuupanda, tena zaidi ya mara moja. Mguu ulivunjika juu ya goti, akafungwa plasta kuanzia pajani hadi karibu na vidole, na daktari akasema wiki sita asikanyage chini.

Maumivu yalipungua baada ya siku chache, lakini kuna jambo lingine lililotuumiza zaidi. Baba watoto siku ile ya ajali alisema maneno makali mbele ya majirani, wakati mtoto bado amelala chini anatetemeka. Bila shaka alisema kwa hofu. Lakini mtoto hajui kutenganisha hofu na hasira. Tangu siku ile, baba akirudi kazini, kijana alikuwa akisema, "Shikamoo baba," kisha anageukia ukutani. Baba anaitikia "Marahaba," anasimama mlangoni kidogo, anaondoka. Wiki ya kwanza ikapita hivyo. Wengi wenu mnajua jinsi nyumba inavyokuwa nzito watu wawili mnaowapenda wanaponyamaziana, na wewe upo katikati unapakua chakula.

Mjomba alipiga simu kumjulia hali mgonjwa. Tukamweleza, pamoja na mengine, kwamba mtoto anachoka kulala na kwamba treni yake haiwezi kuwekwa kitandani kwa sababu ya lile duara. Mjomba akacheka. "Dada, tupeni duara," alisema. "Huku kwetu wazee wanacheza treni juu ya ubao wa kupigia pasi. Tafuteni ubao mmoja tu." Hakuwa anatania.

Kona ya mekoni

Huko Uingereza, kama ilivyo Ujerumani na Marekani, kuna maelfu ya watu wazima wanaojenga reli za mfano. Si wanasesere wa watoto. Hupima kila kitu. Kipimo kinachotumika sana Uingereza huitwa OO, ambacho hufanya kila kitu kiwe mara 76 kidogo kuliko chenyewe. Wajerumani na Wamarekani hupenda HO, mara 87. Mwaka 1962 kampuni ya Arnold ya Ujerumani ilileta reli ya upana wa milimita 9 tu, ikaitwa N, na mwaka 1972 Märklin ikaleta Z, yenye reli ya milimita 6.5, mara 220 ndogo kuliko halisi. Kichwa cha Z unaweza kukiweka ndani ya kiberiti, na ukikidondosha kwenye mchele utakitafuta.

Lakini kupunguza kipimo peke yake hakumalizi tatizo la nafasi. Hebu tupige hesabu. Behewa la abiria la mita 20, likifanywa la OO, linakuwa na urefu wa sentimita 26. Ukitaka mabehewa manane na kichwa kikubwa cha kuyavuta, treni yako ina mita mbili na nusu, na stesheni lazima iwe na urefu huo, na bado treni haijaenda popote! Lakini kichwa kidogo cha magurudumu manne pamoja na mabehewa matatu mafupi ya mizigo havifiki sentimita 40. Hapo ndipo Mwingereza mmoja, Alan Wright, alipotumia akili. Alijenga reli ndogo ambayo treni haisafiri kabisa. Inapanga mabehewa tu.

Aliiita Inglenook Sidings. Neno hilo la kwanza kwa Kiingereza ni ile kona ya kukaa karibu na moto katika nyumba za zamani, yaani kama kusema kona ya mekoni. Wazo alilipata kutoka mahali pa kweli, njia za pembeni za Kilham katika jimbo la Northumberland, kaskazini mwa nchi yao. Nasi tunaona jina linafaa, maana hapa kwetu ubao ule hatimaye ulihamia jikoni kweli.

Kinachotakiwa ni hiki. Kuna njia moja inayogawanyika kuwa tatu. Ile ndefu hubeba mabehewa matano. Mbili fupi hubeba matatu kila moja. Upande wa pili, kabla reli haijagawanyika, kuna kipande cha kutokea ambacho kinatosha kichwa na mabehewa matatu tu, wala si zaidi. Mabehewa yote ni manane, kila moja na namba yake. Matano yanasimama kwenye njia ndefu, matatu kwenye mojawapo ya zile fupi. Unaandika namba kwenye vikaratasi, unaviweka ndani ya kikombe, unatoa vitano bila kuangalia. Kazi yako ni kupanga treni ya mabehewa hayo matano, kwa utaratibu ule ule ulioutoa, kwenye njia ndefu. Hakuna kunyanyua kwa mkono, wala behewa kuruka jingine. Kichwa peke yake ndicho kinachovuta na kusukuma.

Rahisi? Nasi tulisema hivyo hivyo. Treni tofauti zinazoweza kutoka kwenye kikombe ni 6,720. Ukicheza moja kila siku utamaliza baada ya zaidi ya miaka 18. Na jambo zuri ni kwamba hakuna hata moja isiyowezekana. Ukikwama, kosa ni lako.

Wale miongoni mwetu waliosafiri kwa Reli ya Kati miaka ile wataelewa mara moja. Mnakumbuka kusimama Tabora muda mrefu, mabehewa yanagongana gizani, watoto wanaamka, na mtu anauliza kama tumefika? Tabora ndipo treni ilipogawanywa, mabehewa ya Kigoma huku na ya Mwanza kule. Kama behewa la Mwanza lilikuwa limekaa katikati ya yale ya Kigoma, mtu fulani alilazimika kufikiri. Huo ndio mchezo wenyewe.

Viberiti kwanza

Reli zetu za duara zilikuwa za kupinda, na vile vipande vinavyogawanya njia hatukuwa navyo. Mjomba alisema atavituma, lakini tusingoje. Tulianza na viberiti, na tunawashauri wote waanze hivyo, hata wenye pesa.

Chukua viberiti vinane vitupu, viandike namba 1 hadi 8. Kigurudumu cha uzi kilichokwisha kinafaa kuwa kichwa cha treni. Chora njia kwa chaki au kalamu ya risasi juu ya ubao: ndefu ya viberiti vitano, mbili fupi za viberiti vitatu vitatu, na ile ya kutokea yenye nafasi ya kigurudumu na viberiti vitatu. Yote haizidi sentimita 60. Sisi tulitumia mlango wa kabati lililovunjika, tukauweka juu ya mapaja ya mgonjwa na mto mmoja kila upande. Umeme ukikatika, mchezo unaendelea kwa mshumaa au taa ya chemli.

Wa kwanza kufaulu alikuwa dada yake, mwenye miaka kumi na miwili, ambaye hakuna aliyemwalika. (Mjomba alileta treni kwa mvulana tu. Tumeshamweleza jambo hilo.) Kijana akakasirika, akataka ashinde naye. Kuanzia hapo hatukumsikia tena akilalamika kuhusu kuwashwa ndani ya plasta.

Mkasa ulikuja Jumatano moja. Baba watoto ni dereva wa lori la kusambaza soda. Alirudi, akapewa shikamoo yake, akasimama mlangoni kama kawaida. Kijana alikuwa amekwama. Namba aliyoitaka ilikuwa imefungiwa ndani kabisa ya njia fupi, na njia ya kutokea imejaa. Baba akatazama. Akatazama tena. Hatimaye akasema, kama anajisemea mwenyewe, "Umepakia duka la mwisho mwishoni."

"Vipi, baba?" Hilo lilikuwa swali la kwanza kwa siku kumi na moja.

Akakaa ukingoni mwa kitanda akamweleza. Kreti za duka la mwisho hupakiwa kwanza, zikakaa ndani kabisa ya lori. Za duka la kwanza hupakiwa mwisho, ziwe mlangoni. Hapa pia, behewa litakalokaa mwisho kabisa wa njia ndefu ndilo linaloingia kwanza. Kwa hiyo usitazame unachotaka kuvuta sasa. Tazama kitakachokuzuia baadaye. Walicheza mpaka chakula kikapoa, nasi kwa mara ya kwanza katika maisha yetu ya ndoa hatukumwita mtu mezani.

Kasisi na kipande cha fagio

Katika kutafuta habari za treni hizi tulikutana na familia nyingine iliyokuwa na mtoto mgonjwa kitandani. Baba alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana huko Uingereza, Wilbert Awdry, aliyezaliwa mwaka 1911. Alipokuwa mtoto waliishi karibu na reli mahali paitwapo Box, na usiku akiwa kitandani aliwasikia vichwa vya mvuke vikipanda mlima, akaona kama vinasemezana.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mwanawe mdogo, Christopher, aliugua surua. Baba akamsimulia hadithi za vichwa vya treni vyenye nyuso na tabia kama watu. Mtoto alitaka zirudiwe, na baba alipokosea neno alisahihishwa, kama watoto wetu wanavyotufanyia, mpaka ikabidi aziandike. Aliyemsukuma azipeleke kwa mchapaji ni mkewe, Margaret. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1945. Tunataja jina la mama huyo kwa sababu mara nyingi halitajwi.

Kisha mtoto akataka treni ya kuchezea. Baba alimtengenezea kichwa kimoja na mabehewa kutokana na mti wa fagio na vipande vya mbao. Christopher akaomba na kile kikubwa, Gordon, chenye kuvuta treni za mwendo wa kasi. Lakini ilikuwa wakati wa vita, vifaa hakuna. Kilichowezekana ni kichwa kidogo cha magurudumu sita. Kichwa hicho wakakiita Thomas, na mtoto akataka hadithi zake pia. Kitabu chake kilitoka mwaka 1946, na kuanzia mwaka 1984 Thomas alionekana kwenye televisheni. Leo hii watoto wengi duniani, na wa kwetu pia, wanaijua sura yake ya bluu. Kama mbao zingetosha, huenda asingezaliwa.

Kasisi Awdry mwenyewe alikuwa mjenzi wa reli za mfano. Aliunda stesheni ndogo ya mwisho wa njia ya tawi, akaiita Ffarquhar, akawa anaibeba kwenda nayo kwenye maonyesho. Baadaye alijenga nyingine, Ulfstead Road, iliyokuwa ndogo na rahisi zaidi kuchukulika. Aliandika vitabu 26, akafariki mwaka 1997, na Christopher naye alishaanza kuendeleza hadithi tangu mwaka 1983.

Kwa nini kidogo ni bora

Msidhani kichwa kidogo ni kichezeo tu. Katika reli za kweli kilikuwa na kazi yake maalumu. Bandarini, kwenye viwanda na machimbo, njia zilipinda sana kati ya maghala, na kichwa kirefu kingeacha reli. Kampuni ya reli ya Lancashire and Yorkshire ilijenga vichwa 57 vya magurudumu manne kati ya mwaka 1891 na 1910, na baadhi vilifanya kazi kwenye njia za kupinda za bandari ya Liverpool. Waingereza walivipachika jina la mbwa mfupi wa pua bapa. Viwili vimehifadhiwa mpaka leo.

Juu ya meza sababu ni ile ile. Magurudumu yakikaribiana, kichwa kinageuka mahali padogo. Katika OO, kona ndogo ya kawaida ya reli za dukani ina nusu kipenyo cha milimita 371, inayofuata ni 438, na vichwa vingi vikubwa vinahitaji angalau hiyo ya pili. Kidogo kinapita kote.

Ila kina udhaifu wake, na afadhali mjue kabla ya kununua. Umeme wa volti 12 hupita kwenye reli na kuingia kwenye magurudumu. Kichwa chenye magurudumu mengi kikikutana na uchafu, gurudumu moja likikosa umeme jingine linapata. Chenye manne hakina akiba. Kinasimama ghafla, unakisukuma kwa kidole, kinaenda, kinasimama. Chetu kilipoteremshwa kabatini kilisimama kila baada ya shubiri mbili, na kijana akalia kwamba kimekufa. Hakikufa. Kilikuwa na vumbi la mwaka mzima. Futa reli kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo, futa na magurudumu. Usitumie msasa! Msasa huacha mikwaruzo, na mikwaruzo ndiyo inayokamata uchafu. Usifanyie kazi hiyo karibu na moto, na umeme uwe umezimwa.

Tena, wengi hukiendesha mbio mno. Treni ya kupanga mabehewa inatakiwa itembee kama mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Utamu wote wa mchezo uko hapo, kukaribia behewa taratibu mpaka viungo vigusane bila kishindo.

Neno moja kwa wenye watoto wadogo: behewa na vipande vyake huingia mdomoni kirahisi, na kile kifaa cha kupunguza umeme kimeunganishwa na umeme wa nyumba. Mtoto wa chini ya miaka mitatu akae mbali, na mkubwa awepo.

Hatusemi kwamba vikubwa ni vibaya. Huko Monterey, California, mpiga picha John Allen alianza mwaka 1946 na reli ya ukubwa wa meza ndogo, akaipanua miaka na miaka mpaka ikajaza chumba cha chini cha nyumba yake, milima inayofika kutoka sakafuni karibu na dari. Watu waliitazama kwa mshangao. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukaiteketeza. Lakini mwaka 1972 alikuwa amechapisha kidude kingine kidogo, ubao wa kupanga mabehewa unaoitwa Timesaver, ambao watu hushindana nani atamaliza kwanza. Huo bado unajengwa kila mahali, kwa sababu mtu yeyote anaweza kuujenga. Ukweli ni kwamba sisi hatuupendi sana. Unashindanisha watu na saa, na nyumbani kwetu saa zinatosha kutukimbiza.

Ya kwenye kompyuta

Wiki ya nne dada mtu akaja na habari kwamba treni zipo pia kwenye kompyuta. Baba watoto ana kompyuta ya mkononi aliyoinunua imetumika, basi tukaangalia.

Mambo haya yalipata nguvu mwaka 2001, ilipotoka programu ya Microsoft Train Simulator, na mwaka huo huo Trainz kutoka Australia. Ya Microsoft haitengenezwi tena, lakini ipo Open Rails, inayotolewa bure, inayoweza kutumia njia na treni zilizotengenezwa kwa ajili ya ile ya zamani. Unakaa kama dereva, unafungua mvuke au dizeli, unafunga breki.

Kwenye kompyuta nafasi si tatizo, ungeweza kujenga reli ya kilomita mia. Lakini hata huko wengi huanza na kidogo. Katika mchezo wa Derail Valley, ulioanza kuuzwa mwaka 2019, kichwa cha kwanza unachopewa ni cha dizeli, kifupi, cha kupangia mabehewa, na kabla hujakijua hufiki mbali. Kwa mama hili lina maana moja kubwa. Safari ya treni ndefu ya abiria yaweza kuchukua saa tatu, na mtoto hawezi kusimama katikati, atakuambia "bado kidogo, mama" mpaka usiku. Kupanga mabehewa matano kuna mwisho. Treni ikikamilika, kompyuta inazimwa. Sisi tuliweka sheria hiyo, treni moja kwa jioni moja, baada ya kazi za shule.

Angalieni pia mfuko. Michezo mingi ya namna hii huuza njia na vichwa vya ziada kimoja kimoja, na bei zikijumlishwa zinashtua. Namba ya kulipia isikae mikononi mwa mtoto, wala, kwa nyumba nyingine, mikononi mwa baba.

Binti yetu anapenda ile ya kompyuta. Kaka yake alirudi kwenye ubao. Alisema kwenye kompyuta hawezi kumsogezea baba yake nafasi ya kukaa.

Ubao nyuma ya mlango

Vile vipande vya kugawanya njia vilifika kwa mkono wa msafiri mmoja, pamoja na mabehewa matano ya kukamilisha manane. Baba na mwana walipigilia reli kwenye ule ule mlango wa kabati Jumapili moja mchana. Kiunzi hicho kina urefu wa sentimita 120 na upana wa 30. Waliweka ghala la kadibodi, mchanga uliochekechwa kwa chujio letu la chai (halikurudi kuwa chujio), na mti mmoja uliotengenezwa kwa waya na nyuzi za sisali. Tuliuliza ni mti gani. Kijana akajibu, bila kutazama mtu, kwamba ni mwembe. Baba akaendelea kupigilia, kisha akasema mwembe lazima uwe mbali kidogo na reli, mtu asije akaangukia treni. Wakacheka wote wawili, nasi tukaingia jikoni, maana machozi mengine hayahitaji watazamaji.

Plasta ilikatwa wiki ya saba, si ya sita. Mguu ulikuwa mwembamba kama mwiko, lakini umenyooka. Sasa anakimbia, na mpira umerudi nafasi yake. Siku nyingi ubao unakaa umesimama nyuma ya mlango wa jikoni, hauchukui nafasi kuliko ungo, na hakuna aliyekanyaga kitu alfajiri.

Juzi baba watoto alirudi amechelewa, vumbi hadi kwenye nyusi. Kabla ya kuvua viatu alitoa kikaratasi mfukoni mwa shati. Kilikuwa kimeandikwa 4, 7, 1, 8, 2. Kumbe asubuhi alikuwa ametoa namba kwenye kikombe akaondoka nazo, akawa anazifikiria njia nzima.

"Nimekwama pale kwenye saba," alisema.

Kijana alikuwa amekwisha kulala nusu. Akainuka, akautoa ubao nyuma ya mlango, akaulaza juu ya meza kati ya sahani.

"Tuanze na hiyo moja, baba. Itakuzuia baadaye."